Pwenti za Finalisti Zilizokwama Ndani ya Mashine

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa sekretere wa shule moja ya sekondari kule Luberizi, na katika shule ile nzima hakuna aliyenishinda kupiga mashine. Nilifundishwa na sista mmoja mkali kwenye mashine ya kuandikia ya chuma. Alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame herufi. Mpaka leo sitazami, vidole vinajua njia yao. Kwa hiyo si rahisi kwangu kusimulia namna mke wangu, fundi wa kushona, alivyonipita kwenye kazi yangu mwenyewe. Lakini alinipita, na wacha niseme.

Vita iliporudi bondeni tulikimbilia mjini Uvira kama wote. Kila mmoja alibeba alichokiona cha maana. Mke wangu alibeba kichwa cha mashine yake ya kushona, akaacha miguu yake ya chuma nyumbani. Mimi nilibeba ordinatere, ile kompyuta ya shule, nimeifunga ndani ya kitenge. Prefe wetu, mkuu wa shule, alitoka na muhuri wa shule ameuficha ndani ya soksi. Kabati la makaratasi lilibaki. Hatujamaliza wiki mjini tukasikia kwamba askari waliolala ndani ya shule wamepikia maharagwe kwa moto wa vitabu vyetu vya pwenti, yaani alama za wanafunzi, mwaka juu ya mwaka, mpaka kabati likabaki tupu.

Sasa finalisti wetu, watoto wa darasa la sita la sekondari, la mwisho, walikuwa wametawanyika Uvira, wengine wamevuka ng'ambo Burundi kwa wajomba zao. Ofisi ya inspeksheni ya shule ya Uvira ilikubali kuwaandikisha hapa wafanye mtihani wa serikali, ila kila mtoto aletewe pwenti zake za miaka iliyopita, na sinyatiri, sahihi ya prefe, na muhuri. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Bila pwenti, mtoto hafanyi mtihani. Na pwenti zile zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ordinatere yangu, kwa sababu sikuwa nimezinakili popote. Nani angeniambia ninakili? Mimi ndiye niliyekuwa najua mambo ya mashine.

Jumatano nikaifungua. Ikaonyesha uso mweusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe, basi. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi pembeni, mstari ni ule ule. Ilikuwa mashine ya zamani, imetoka Uingereza ikiwa imechoka, ikapitia Bujumbura, ikafika kwetu betri yake imekwisha kufa, inakula moto wa waya tu, yaani umeme. Wanafunzi walikuwa wameingiza flashi zao humo kwa miaka, kila flashi na virusi vyake. Nilikaa chini. Niliwaza watoto wale mmoja mmoja, nikaona aibu hata kumwambia prefe.

Kule mtaa wa Mulongwe, karibu na soko, kulikuwa na mzee mmoja mtengenezaji wa redio, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Mke wangu akasema twende kwake. Mzee akaifungua chini, akapuliza vumbi, akaangalia.

"Mashine iko muzima," akasema. "Kilichokufa ni ile Windows yako, na tena ilikuwa ya kuiba. Nitakupatia ingine, inaitwa Linux. Hii haiibwi, ni ya bure. Watu wa inchi mbalimbali wanaitengeneza pamoja na wanaigawa. Hata ka mashine kazee kama haka, inakabeba."

Akanipa flashi ndogo nyekundu, akaniandikia hatua kwenye karatasi. Yeye mwenyewe hangeweza kukaa, milio ilikuwa imesikika milimani tangu asubuhi na alikuwa anapeleka wajukuu wake ng'ambo, Gatumba. "Itakuuliza kama unataka kuijaribu tu, ao kuiweka kabisa," akasema akifunga mlango. "Ukiiweka, itasafisha yote, utaanza upya." Sikumwambia kwamba ndani kuna pwenti za watoto. Ningemwambia, angeniuliza nakala iko wapi, na mbele ya mke wangu sikutaka kuulizwa hilo.

Alhamisi asubuhi tukaenda kwenye nyumba moja ya kuchaji simu, yenye paneli za jua juu ya bati. Mwenyewe alitupa pembe ya meza kwa sababu mke wangu alikuwa amemshonea binti yake nguo ya komunyo. Waya wa chaja yangu ulikuwa umelegea, lazima mtu aushike kwa mkono mahali unapoingilia, la sivyo moto unakatika. Nikaushika kwa mkono wa kushoto. Nikaingiza flashi, nikawasha, na baada ya kungoja sana yakatokea maneno mawili ya kuchagua: kujaribu, ama kuweka. Nikapeleka kidole kwenye kuweka.

Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Ile ya kujaribu iko ya nini?"

"Ya watu wa kuchezacheza. Sisi tunaweka."

"Minye sikatake kitambaa ya muntu mbele hajajaribu," akasema polepole. "Naishikisha kwanza na uzi murefu, anavaa, anageuka, naangalia mabega. Nikikosea natoa uzi, kitambaa iko mzima. Ndipo nakata. Na weye unataka kukata moja kwa moja?"

"Mama, hii haiko robe ya kushona."

"Najua. Robe ikiharibika, natafuta kitambaa ingine. Pwenti za hawa watoto utazitafuta wapi?"

Watu waliokuja kuchaji simu walikuwa wananitazama. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, nasema kweli. Nilitaka kumwambia arudi kwenye pindo zake. Lakini kiganja chake hakikutoka. Nikachagua kujaribu, nikiwa nimevimba uso kama mtoto aliyenyimwa ugali.

Mashine ikafunguka. Picha safi, kimya, haina zile kelele za zamani. Ile Linux ilikuwa inatembea yote kutoka kwenye flashi nyekundu, haijagusa kitu ndani. Mke wangu akavuta kiti karibu, akauliza, "Na vyetu vya zamani viko wapi?" Tukatafuta. Pembeni kulikuwa na alama ya diski, tukaibonyeza, na tazama, folda yangu ikatokea, ile niliyoiita Shule, na ndani yake miaka yote imepangwa kama nilivyoipanga. Nikafungua orodha moja. Nikaona jina la mtoto wa kwanza na pwenti zake za jiografia. Machozi yalinitoka hapo hapo mbele ya watu, na sikuyaficha.

Yeye hakulia. Alivua shingoni flashi ya korali yao ya kanisa, maana ndiye aliyekuwa anatunza nyimbo za mazoezi, akaniambia, "Nakili." Tukaanza kunakili. Wingu likapita juu ya bati, paneli zikalegea, mashine ikazimika pwaa. Nilitukana. Yeye akafungua daftari lake la vipimo, lile la viuno na mabega ya watu, na mle katikati nikaona ameandika kila hatua tuliyopitia, kwa penseli, bila mimi kujua: bonyeza hapa, ngoja, chagua ya juu. Jua liliporudi tukapita njia ile ile bila kubahatisha. Ikazimika tena, tukarudia tena. Mara ya tatu folda ikaingia yote. Akaitoa flashi, akaivaa shingoni, akaifunika na blauzi. "Sasa kata," akaniambia.

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mzee, kwamba itasafisha yote. Mtaalamu alikuwa mimi, na kama ningeachiwa kidole changu, ningefuta maisha ya watoto wale kwa kubonyeza mara moja, na ningetembea Uvira nzima nikisema vita ndiyo iliyofanya.

Tukaiweka. Mimi nilikuwa nimeshika waya, kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika, na mimi namtajia. Mashine ikaomba neno la siri. Nilikuwa na njaa, nikasema, "Andika mahindi." Akaandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kwa macho. Nilimwonea huruma, namna alivyokuwa polepole.

Mchana jua likiwa kali, kazi ikaisha. Mashine ikajizima, ikawaka, ikauliza neno la siri. Nikampa yeye waya, nikakaa sawasawa kama alivyonifundisha sista, nikapiga "mahindi" bila kutazama. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mara ya tatu ikakataa, na mimi nikapaza sauti kwamba ameandika vibaya, kwamba sasa tumefungiwa nje na kazi yote imekwenda bure.

"Papa," akasema, "angalia vidole vyako."

Nikaangalia. Mashine ilikuwa ya Uingereza, na herufi za Waingereza hazikai mahali zinapokaa kwenye mashine za Kifaransa tulizosomea sisi. Ile Windows ya zamani nilikuwa nimeipanga ifuate vidole vyangu, hata kama iliyochorwa juu ya kitufe ni nyingine, na kwa miaka mingi nilisahau kabisa jambo hilo. Hii mpya ilikuwa inafuata kilichochorwa. Pale vidole vyangu vilipodhani pana A, palikuwa na Q. Akanirudishia waya, akainama, akatafuta herufi zake moja moja kwa kidole kimoja. M. A. H. Ikafunguka.

"Sista hakukufunzaka kuangalia," akasema. Nyumba nzima ya kuchaji ilicheka. Mimi nilikaza uso muda mrefu, kisha na mimi nikashindwa kujizuia.

Niwaambie kitu kuhusu mke wangu. Sijui kama yupo mtu mwingine Uvira aliyeweza kuingia kwenye jambo asilolijua, kwa utulivu ule, milio ikisikika milimani, akitumia tu adabu ya kazi yake mwenyewe. Sikuwahi kumwambia hivyo. Kwetu mtu hamsifii mkewe usoni, anasema chakula kimeiva vizuri, basi.

Jumamosi tulichapisha kwenye sekretaria moja ya mjini, duka la kuchapisha karatasi, iliyokuwa bado wazi. Prefe alikuja, akaketi, akavua kiatu, akatoa muhuri kwenye soksi mbele yetu sote bila haya yoyote. Mimi nachapisha, yeye anatia sinyatiri na kupiga muhuri, mke wangu anapanga karatasi kwa majina. Watoto wote walikuwemo, hakuna aliyekosekana. Prefe alipoondoka na bahasha, nikarudisha mashine kwenye nyumba ya kuchaji nizirudishe folda zangu kutoka flashi ya korali na kuzipanga upya. Mke wangu alikuwa amebakiza mkononi karatasi moja iliyochapwa mara mbili kwa makosa, ya msichana mmoja, pwenti za darasa la tano. Aliitazama sana.

Nilijua alikuwa anafikiri nini, na nilipaswa kujua tangu Alhamisi. Vita ya kwanza ilimkuta darasa la tano la sekondari, kule Lubarika, wa kwanza wa darasa lake. Kabati la shule yao nalo lilichomwa. Alizunguka shule tatu, kila mahali wanamwomba karatasi, na karatasi haikuwepo, na kila mahali wanasema pole. Ndiyo akajifunza kushona. Alinieleza hayo wakati namchumbia, nikasema pole na mimi, nikadhani ni habari iliyokwisha.

"Papa wa watoto," akasema, "muntu mwenye pwenti zake zilichomwa, hana njia kabisa?"

Kwenye uso wa mashine, katikati ya folda zangu, kulikuwa na moja inaitwa Autodidactes. Hao ni watu wanaosoma wenyewe nyumbani. Serikali haiwaombi pwenti za shule, inawapa mtihani wa kwanza wa kuwapima, na wakipita wanafanya mtihani wa serikali pamoja na finalisti. Kila mwaka watu wa bondeni walikuja ofisini kwangu, wakulima, akina mama, askari mmoja aliyeacha jeshi, na mimi niliwaandika. Miaka kumi na moja. Jioni nilirudi nyumbani, nikala chakula cha mke wangu, na hata siku moja haikunijia akilini.

Nikaifungua, nikamwonyesha. Akasoma yote, mwaka baada ya mwaka, midomo ikitembea.

"Ulikuwa unaandika hii kila mwaka?"

"Ego," nikasema. Ni ndiyo ya Kirundi, lugha ya kwao mke wangu, sikuwa na nyingine.

Nilingoja anitukane, na ningekubali. Aliondoa karatasi ya yule msichana magotini, akaikunja vizuri. Akanisukuma kidogo kwa bega nimpishe kiti. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kwamba ni orodha ya Autodidactes ya mwaka ujao, kisha akaanza jina lake, akiitafuta kila herufi kwa macho, kwa kidole kimoja. Lilichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika waya kwa mikono miwili, usikatike.