Watoto Waliopona Katika Filamu za Mume Wangu

Mimi nina mdomo, sikatai. Kasulu nzima inajua, kuanzia sokoni ninapouza vitenge mpaka saluni, na mdomo huo ndio ulioniponza.

Mtoto wetu wa pekee alifariki kwa homa akiwa na miaka minne. Tulikuwa Nyakitonto kwa wakwe zangu, mvua imeharibu barabara, pikipiki hazipiti. Mume wangu alimbeba mgongoni akimwita jina njia nzima, mpaka mtoto akaacha kuitika. Tulipomaliza matanga tukarudi mjini. Ndugu walituambia tusimtaje, tutajiumiza bure, nasi tukatii. Kumbe ukishaacha kumtaja mtoto, huna kingine cha kumwambia mwenzio. Tulikula kimya, tukalala kimya. Mimi niliyezoea kugombana hata na kuku nikakosa la kusema.

Kilichotuokoa ni kibanda umiza. Kila Jumapili mchana mume wangu alikwenda huko kutazama filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya mtafsiri inafunika ya mwigizaji na kuongeza utani wake. Mke wa mtu haketi kule kwenye mabenchi ya wanaume. Kwa hiyo Jumatatu, tukielekea shambani kwenye maharage, yeye ananisimulia. Alianza mwenyewe siku moja bila kuombwa, na alisimulia vizuri kuliko huyo mtafsiri. Akifika kwenye vita anasimama njiani, jembe linakuwa bunduki, wapita njia wanatucheka. Mimi namkatiza, namtukana adui, nauliza yule mama mkwe mbaya alipata adhabu gani. Tulikuwa tumepata la kuzungumza. Kwa miaka mitatu ndoa yangu iliishi hapo, kati ya nyumba na shamba.

Jumapili moja nilikuwa saluni nikisukwa. Mwenye saluni alichomeka flashi kwenye runinga, na filamu ilipoanza nikaitambua. Ilikuwa ile ya Kihindi aliyonisimulia mume wangu, ya mtoto anayetumbukia mtoni baba yake akiwa kazini. Wanawake walianza kulia mapema. Aliyekaa karibu yangu akasema, "Mimi hii siiwezi, nina mapacha nyumbani." Nikajifanya mjuzi.

"Acheni kulia bure," nikawaambia. "Huyo anaopolewa na wanawake wanaofua nguo. Anakuja kuwa rubani, anampandisha baba yake ndege."

Wanawake wa kufua hawakutokea. Mtoto alitolewa mtoni amekufa, baba akamfunika kwa shati lake, na filamu ikaisha.

"Hii mmeikata," nikasema.

"Haijakatwa, dada," msusi akajibu. "Ndiyo yenyewe hiyo."

Nikauliza ile ya moto, yule binti aliyeruka dirishani. "Dirishani wapi? Aliungua pamoja na bibi yake." Na yule wa jangwani? "Maji yalipopatikana alikuwa ameshakufa." Wakaanza kunicheka. Mmoja akasema labda mimi filamu huwa naziota.

Ningekaa nikafikiri kidogo, ningeelewa. Lakini hasira hasara. Nilitoka nimesukwa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama, nikaenda moja kwa moja mpaka kibandani. Filamu ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa nje wakibishana ni nani hasa shujaa, na mume wangu katikati yao akicheka.

"Njia ya mwongo ni fupi!" nikapiga kelele. "Miaka mitatu unanidanganya kama mtoto mdogo! Leo saluni nzima imenicheka!"

Wote wakageuka. Mume wangu alizitazama nywele zangu, kisha akatazama chini. Alinijibu kwa Kiha, polepole, kana kwamba tulikuwa wawili tu.

"Ulitaka nije nyumbani nikuambie mtoto amekufa tena?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila Jumapili alikuwa anakaa kwenye lile benchi akitazama mtoto akifa, halafu anarudi na mtoto mzima kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nimemwaibisha kwa sababu hiyo mbele ya wenzake.

Jumatatu nilimuuliza njiani filamu ya jana ilikuwaje. "Nzuri," akasema. Jumatatu iliyofuata, "Nzuri." Nikakimbilia Kibondo kwa dada yangu, nikakaa wiki nzima nikilia. Dada akanirudisha kwangu, akisema msamaha hauombwi kutoka mbali. Nikapiga magoti, nikaomba. Mume wangu aliniinua, akasema yameisha, na nadhani yalikuwa yameisha kweli. Ila hakunisimulia.

Basi nikaona nianze mimi. Niliona filamu nyingine saluni, ya mama anayemtafuta mwanawe vitani, na jioni tukichambua maharage nikaanza kumsimulia. Sikujua kama yeye alishaiona. Nilijitahidi mno. Niliigiza sauti, niliigiza askari, nikafika mwisho.

"Basi mama akafungua mlango wa kanisa," nikasema, "akamkuta mwanawe amelala chini ya benchi, mzima, hana hata jeraha."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Anakufa, mke wangu," akasema. "Niliiona. Tumwache tu afe."

Nikasema sawa. Tukamaliza kuchambua, na tangu jioni ile hatujasimuliana filamu nyingine.