Karavani ya koko: kwa nini nilikata kwa msumeno kitanda kinachogeuka meza

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Mvua inanyesha, umeme umerudi, simu ina chaji. Nikingoja siku tulivu zaidi ya hii sitaandika kamwe.

Haya yametokea nyumbani kwetu, na sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu tonton wangu, yaani baba mkubwa, naye huwa anapita humu. Tonton, kama umefika, karibu ukae.

Kuna mtu aliuliza humu: ukinunua karavani ndogo, ile nyumba ya kuvutwa na gari, uchague yenye kitanda cha kudumu au yenye meza inayogeuka kitanda? Majibu mengi yalikuwa ya watu wanaokwenda kutazama wanyama na kupiga picha.

Mimi nitajibu kama mtu wa Panzi, mtaa wetu hapa Bukavu, wakati wa vita.

Kwanza mnijue. Mimi ni binti, mkubwa kwetu. Useremala nimejifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kubomoa viti vya nyumbani na kuviunga tena. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Ubao ukipinda kidogo, silali. Nikipima, napima tena, halafu namuuliza maman kama ameniona nikipima.

Ugonjwa huo unaingia kwenye habari hii, ndiyo maana nimeutaja.

Koko wangu, mama yake maman, alikuwa analima mpunga Luvungi, kule chini kwenye tambarare ya Ruzizi. Mapigano yalipofika kwake alipanda kuja kwetu na sufuria, vitenge na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Baadaye tukasikia kwamba nyumba yake imebaki kuta.

Hapa wasomaji wa mbali mnisikilize vizuri.

Kwetu, mama mkwe, tunamwita mabukwe, halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, ambaye ni bukwe wake. Hawapeani mkono. Hawali wakitazamana. Na mmoja haketi mahali ambapo mwenzake analala. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, tena heshima nzito.

Na nyumba yetu ni ya mbao. Ukikohoa chumbani, wa sebuleni anakuambia pole. Koko asingelala humo hata risasi zingekuwa zinapita juu ya bati.

Kwa hiyo kila jioni alikuwa anakwenda kulala kwa jirani yetu, Maman Bahati, ambaye ni mjane. Asubuhi anakunja mkeka, anarudi kwetu. Maisha yakaenda hivyo mpaka watoto wa Maman Bahati nao wakatokea, wamekimbia kutoka Luberizi na familia zao. Mama wa watu alitujia macho yakiwa chini. Mpaka Jumapili, akasema, baada ya hapo hana hata kona.

Ndipo Tonton Déo, kaka mkubwa wa papa, akaja na suluhisho lake. Kuna shule iliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi, watu wanalala madarasani.

"Iko paa, iko maji," alisema. "Mabukwe atapata na wenzake ba kupiga nao stori. Mambo ya muda tu."

Nilikuwa nimeingia katika madarasa yale. Watu wanalala kwenye saruji, mguu wa huyu kwenye kichwa cha yule. Koko ana kifua kibaya. Wiki moja ya baridi ile, na sisi tungekuwa tunatafuta mbao za jeneza.

Nikasema moyoni, haendi.

Papa alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la wageni kule Muhumba. Wageni walikuwa wanafunga na kuondoka, na uani mwao kulikuwa na karavani mbili walizokuwa wakilalia kwenye kazi za mbali. Wakaziuza kwa bei ya mtu mwenye haraka. Papa angeweza kuchukua moja. Ingewekwa ndani ya parsele yetu, kiwanja chetu, mbali na nyumba, na koko angekuwa na paa lake na mlango wake. Maman alimuuliza koko, koko akakubali: paa lake, sawa.

Papa akaniambia, "Weye ndiye fundi. Enda uchague."

Wakuu, mimi kuambiwa nichague ni sawa na kupewa homa.

Karavani ya kwanza ilikuwa ndogo, na ndani kitanda cha kudumu kimekula karibu nafasi yote. Unaingia, unakutana na kitanda, basi.

Ya pili ilikuwa na akili nyingi. Mabenchi mawili, meza katikati. Jioni unateremsha mguu wa meza, ubao wake unakaa juu ya kingo za mabenchi, unapanga mito, tayari una kitanda kipana. Nyuma kulikuwa na kitanda cha ghorofa, kimoja juu, kimoja chini. Nikaona mbali: koko kwenye kitanda kipana, wadogo zangu wawili nyuma wakimsikiliza kifua chake, na mchana familia nzima inakaa mezani, watoto wanasoma. Kitu kimoja, kazi tatu.

Nilipima. Nilijilaza mwenyewe, nikanyoosha miguu, nikajifanya nina magoti ya koko. Niliingiza mkono chini ya mito kutafuta unyevu (fanyeni hivyo, wakuu, kona za juu ndizo zinazovujisha, lakini maji yanajificha chini ya godoro). Nilifungua na kufunga meza ile mpaka mlinzi wa wageni akaniuliza kama nataka kuinunua au kuichosha.

Nikachagua ya pili.

Gari la parokia lilituvutia mpaka nyumbani. Karavani nyeupe, ubavuni bado kuna kivuli cha alama ya shirika. Hatujamaliza kuegesha, naona akina mama wamepanga mstari nje ya parsele na mabeseni yao.

"Munagawa nini? Unga ao mafuta?" wa mbele akauliza.

"Hatugawi kitu, maman. Ni kitanda ya koko."

Akageuka nyuma. "Banagawa vitanda," akamwambia dada yake, na mstari ukarefuka.

Nilicheka siku ile. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda.

Mlango niliugeuzia kwenye mparachichi, usitazamane na mlango wa nyumba. Nikaweka mawe chini ya magurudumu, nikapima usawa kwa chupa ya maji. Halafu nikawaita wote waje waone. Maman, wadogo zangu, papa, Tonton Déo. Koko alikuwa amesimama nyuma kabisa, chini ya mti, kama ilivyo desturi papa akiwa karibu.

Nikaanza kuonyesha. Meza hii hapa, benchi hizi hapa. Na kwa fahari yangu nikasema, "Papa, jaribu kidogo, kaa."

Papa akakaa. Akapapasa mto, akatabasamu, akasema nimechagua vizuri.

Kisha nikateremsha meza, nikatandaza kitanda palepale alipoinuka, nikamgeukia koko. "Karibu kwako."

Koko hakusogea.

Papa ndiye aliyeelewa kwanza. Alishuka ngazi haraka, akapita upande wa pili wa nyumba. Mtu ametunza heshima hiyo tangu alipomuoa mama yangu, na binti yake mwenyewe amemkalisha kwenye kitanda cha mabukwe mbele ya watu.

"Nitabadilisha kitambaa," nikasema. "Nitaosha mito yote, koko."

"Kitambaa ni kitambaa," koko akajibu. "Ubao ni ubao."

Tonton Déo alikuwa amejishika kiuno. "Hii ni nyumba ao ni sanduku ya mikate? Mutoto anapima mpaka misumari, anasahau kupima bukwe." Akacheka peke yake. "Muuze hii kintu, mupeleke mabukwe ku masomo ya bakimbizi. Nilishasema."

Nilisikia masikio yanawaka. Nilikuwa nimepima kila kitu kinachopimika kwa futi.

Jioni kabla koko hajaenda kwa Maman Bahati, nilimfuata. Nikamwambia tutapanga: papa asiingie tena, mito mipya, mbao mpya, meza ibaki ya watoto mchana. Nilikuwa nataka kuokoa meza ile, nakiri. Ilikuwa imetengenezwa vizuri mno.

Koko akaniangalia kama mtu anayeangalia mpunga ambao haujakomaa.

"Mujukuu, hata kama bukwe hakukaa pale. Asubui nitaamuka, nikunje kitanda, niweke meza ya batoto. Luvungi nilikunja vintu yangu. Kwa Maman Bahati ninakunja kila siku. Sasa unanipa nyumba, na yenyewe iko ya kukunja."

Akachukua mkeka wake akaenda.

Hapo ndipo nilipokasirika, wakuu, na sijui kama nimeacha mpaka leo. Nilikasirikia meza. Nilikasirikia watu waliomfukuza bibi wa watu shambani kwake, na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikamtengenezea kitanda cha kumfukuza kila asubuhi.

Kesho yake nikaanza kubomoa.

Tonton alinikuta nimeshang'oa mguu wa meza. "Unaharibu kintu ya bei. Kesho nani ataitaka na hiyo tundu?"

"Haiuzwi, tonton."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Nikaendelea na bisibisi yangu. Tonton akamwita papa, amwambie binti yake kwamba kuna wakubwa katika nyumba hii. Papa akaja. Akaangalia vipande vilivyotapakaa kwenye nyasi, akaangalia msumeno wangu butu.

"Ule mukali iko chini ya kitanda yangu," akasema. "Enda uchukue."

Tonton akaomba maji ya kunywa.

Nilikata mabenchi yote mawili. Kwa mbao za makreti ya mizigo waliyoacha wageni nikajenga kitanda cha kudumu: kimo cha goti la koko, ili ainuke bila kushikwa mkono. Chini ya godoro sikuweka ubao mzima. Niliweka fito zenye nafasi, hewa ipite, kwa sababu mvua ya Bukavu ukiilalia juu ya ubao mzima inakufuata kifuani. Kichwa upande wa dirisha. Kitanda cha ghorofa niliacha, wadogo zangu walale kama nilivyopanga. Kila skrubu niliizamisha, hakuna inayofunguka kwa mkono. Nilitaka mtu akitaka kuhamisha kitanda kile ahamishe kwanza karavani nzima.

Je, ni kizuri? Hapana. Kona moja haijakaa sawa, na ninaijua ni ipi. Nimeiacha.

Ule ubao aliokalia papa niliutoa nje. Nikaufanya benchi na kuuegemeza ukutani, chini ya dirisha la koko.

Jumapili baada ya misa koko aliingia. Alipanda ngazi mwenyewe, akaketi kitandani, akakibonyeza kwa viganja viwili. Akaweka Bikira Maria dirishani. Halafu akafunga mlango kwa ufunguo kutokea ndani, na sisi tuliokuwa tumekuja kumpongeza tukabaki nje tunatazama mlango.

Mkeka alikuwa amemwachia Maman Bahati, kwa wajukuu.

Wiki chache baadaye vita vilikaribia mji. Milio tuliyokuwa tunaisikia kwa mbali ikawa inatikisa vikombe. Tonton Déo akaja mbio, huku watu wamejaa barabarani na magodoro kichwani.

"Kila mutu anakunja," akamwambia maman. "Mabukwe naye ajitengeneze."

Dirisha la karavani likafunguka kidogo. "Papa Déo," koko akasema, "weye kimbia, Mungu akusindikize. Mimi sikunji tena."

Na papa, ambaye hawezi kumjibu mabukwe ana kwa ana, akakaa kwenye benchi lile chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta wa karavani, akafunga mikono kifuani. Nasi tukabaki. Sikuwa jasiri. Lakini tulibaki. Tonton alitutazama, akaangalia barabara, kisha akakaa pembeni ya papa. Usishangae, tonton, hili ninaliandika kwa upendo.

Sisemi kila mtu abaki. Kuna waliobaki na hawapo, na kuna waliokimbia wakapona. Nasema tu yetu.

Mji una wenye amri wapya sasa. Sisi bado tupo Panzi.

Basi aliyeuliza swali, jibu langu ni hili. Usianze kuuliza karavani inalaza watu wangapi. Uliza nani atalala humo, nani haruhusiwi kuketi hapo, na huyo mlalaji amekunja vitu vyake mara ngapi maishani. Kama ni mtu wa kutembea na kurudi kwake, chukua meza inayogeuka, ni nzuri. Kama kwake hapapo tena, mpe kitanda kisichogeuka kitu kingine.

Wenye kusema nimeharibu karavani nzuri, andikeni, nasoma. Wenye kusema mambo ya bukwe yamepitwa na wakati, andikeni pia, ila mje kwanza mkae kwenye benchi letu. Na mwenye kujua dawa ya kona ya juu inayovuja karibu na mlango, huyo ndiye namsubiri kuliko wote.

Naishia hapa, koko ameamka. Amegonga ukuta kwa kijiko, maana yake anauliza kama mvua hii imefika na huko chini kwenye mpunga. Papa yuko kwenye benchi chini ya mwavuli, mgongo kwake, anamjibu kwamba imefika. Wanaongea kila asubuhi hivyo, ukuta katikati, watu ambao miaka yote walikuwa wanasalimiana kupitia kwa maman.

Kitanda kimetandikwa. Hakijakunjwa.