Muiri na Mjakaranda

Baba alilazwa katika hospitali moja ya Upper Hill kwa ugonjwa wa tezi, ule unaowasumbua wazee wa kiume. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na nje kulikuwa na mjakaranda uliochanua. Mama alishafariki, nami ndiye mtoto wake wa pekee. Kila alasiri nilifunga kibanda changu cha mboga sokoni Kangemi nikaenda kukaa naye.

Kwa miaka mingi baba alikuwa mtunza bustani Lavington. Mwajiri wake, mwalimu wa mimea, alimfundisha kwamba mjakaranda na muiri, yote miwili imo katika orodha ya miti iliyo hatarini.

"Mjakaranda? Si umejaa Nairobi nzima?" nilishangaa.

"Huku ni mgeni aliyestawi. Kwao, Amerika ya Kusini, misitu yake inafyekwa watu walime. Muiri ni wa hapa kwetu, na ni sisi tunaoumaliza. Tunauchuna gome kwa dawa." Akapumzika kidogo. "Nilipanda mmoja pale Lavington. Mama, nenda ukaniangalizie kama umechanua."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mamake.

Jumamosi nilienda kwa miguu. Mwalimu alikuwa amehama zamani, lakini bawabu alinifungulia geti. Muiri ulikuwa umesimama mkavu, bila jani hata moja, shina limechunwa kuanzia chini hadi nisipoweza kufika kwa mkono.

"Waliingia watu wakatoa maganda yote," bawabu alisema. "Ati ni dawa ya wazee. Sai hiyo ni kuni tu."

Nilitamani kumpigia mtu simu, nikakosa wa kumpigia.

"Umechanua?" baba aliniuliza nilipofika.

"Umechanua, baba. Umejaa maua."

"Ya rangi gani?"

Sikuwahi kuyaona maua ya muiri maishani mwangu. Macho yakanikimbilia dirishani.

"Zambarau."

Baba naye alitazama dirishani. "Maua ya muiri ni meupe, madogo sana," akasema taratibu. "Umekauka?"

"Umekauka."

Aligeukia ukuta. Nilimshika bega, nikakaa hivyo mpaka nesi akatuambia saa za wageni zimekwisha.

Hakumaliza mwezi. Baada ya mazishi, Jumapili moja, nilipita kwenye miche inayouzwa kando ya Waiyaki Way nikaulizia muiri.

"Hiyo hakuna, madam," muuzaji alisema. "Chukua jacaranda, inamea haraka."

Nilimwambia sina shamba, na ni kweli. Hata hivyo sikuondoka upesi. Nilimuuliza bei ya hiki na kile, vitu nisivyovihitaji, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza niliyezungumza naye siku hiyo.