Baba Mkwe Yuko Kitanda cha Tisa

Ndugu Mhariri, nakuomba kabla ya yote jina langu lisitoke gazetini, wala la hospitali yetu. Nina miaka ishirini na miwili, nimeolewa, bado sijajaliwa mtoto. Kwetu ni upande wa Tukuyu, mimi ni Mnyakyusa, lakini sasa niko Iringa, mwaka wa pili wa kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni. Mume wangu ni karani kwenye shamba la chai huko Mufindi. Nimejifungia stoo ya mashuka kuandika barua hii harakaharaka, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Wasomaji wa makabila mengine niwaeleze jambo. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hakai naye nyumba moja, halitaji jina lake, hata neno linalofanana na jina hilo analikwepa. Miaka minne ya ndoa sijauona uso wa mzee yule. Najua sauti yake tu. Na ninampenda, msishangae! Ukoo mzima uliposema mke wa mtu hawezi kwenda kulala bweni na kujifunza kuosha wanaume, yeye ndiye aliyewanyamazisha. Mama mkwe aliniletea maneno yake: "Mwacheni mtoto aende. Akirudi atatutibu sisi wenyewe." Ndiyo maana niko hapa.

Basi Jumatatu nilipangwa wodi ya wanaume, sindano za asubuhi. Nikachemsha sindano, nikapanga sinia, nikaanza kitanda cha kwanza. Kufika cha tisa nikachukua kadi ili nisome jina la mgonjwa kwa sauti kabla ya kumchoma, kama tulivyofundishwa. Jina lilikuwa lake. Kumbe alikuja kumtembelea mwanawe Mufindi, baridi ya kwenye lori ikampiga, akapata kichomi, wakamleta hospitalini kwetu Jumapili. Barua ya mume wangu ya kunipa habari ilinifikia Jumatano.

Nikabaki nimeishika kadi. Sista msimamizi, ambaye ni Mzungu, akaniita jina langu kutoka mlangoni: "Mbona unasimama? Soma jina, choma, endelea!" Mzee aliposikia naitwa alinijua. Akavuta blanketi akajifunika mpaka kichwani, akageukia ukutani. Blanketi lilikuwa linatetemeka, na sijui kama ni homa au ni woga kama wangu.

Najua mtasema, si ungemwambia Sista? Sista huyo siku ya kwanza alitupanga mstari akasema, "Hapa hakuna baba, hakuna mkwe. Kuna mgonjwa. Asiyeweza afunge sanduku lake." Mwenzetu mmoja alikataa kumwosha mjomba wake, na sanduku alilifunga kweli, kabla ya chakula cha mchana. Mimi nina mdomo, mume wangu ni shahidi, lakini mbele ya yule mama naufyata.

Kwa hiyo nilifanya jambo baya. Sista alipotoka niliimwaga dawa kwenye beseni, nikaweka alama kwenye kadi kuwa nimemchoma. Nilijiambia ni leo tu, na jioni dresa wa kiume, msaidizi wa wodi, atamchoma ya pili. Jumanne nikafanya vilevile. Jumatano vilevile. Na leo Alhamisi, Mungu anisamehe, nimefanya tena.

Leo daktari alipita. Nilisimama nyuma ya Sista, macho chini. Akaisoma kadi, akamsikiliza mzee kifua kwa muda mrefu.

"Siku nne za penisilini, asubuhi na jioni, na homa iko palepale," akasema. Kisha akamwuliza mwenyewe, "Baba, hizi sindano za asubuhi unachomwa?"

Nikafumba macho. Nikajua yamekwisha, sasa ananitaja.

Mzee alikohoa mpaka nikadhani hatajibu. Halafu akasema, "Nachomwa, daktari. Yule binti anachoma vizuri sana, hata siumii."

Daktari akageuka kwa Sista. "Basi dawa hii haimfai. Kuanzia kesho tunaiacha. Nikipita nitamchoma sindano kubwa mbavuni, nivute nione kama kuna usaha."

Jamani, dawa haijashindwa! Hajaipata. Ameipata nusu, na hiyo nusu nayo kesho inakatwa kwa sababu ya alama zangu nne. Na nimeisikia pumzi yake leo, ni fupi kuliko ya jana.

Nikisema, nafukuzwa, mume wangu anaaibika, na mzee anaonekana mwongo mbele ya wodi nzima. Nikienda kumfunua blanketi nimchome mwenyewe, nimemvunjia heshima mtu ambaye hakunivunjia mimi hata mara moja, na huenda akanikatalia. Nikinyamaza, atakufa akiwa amenisifu. Nishaurini, hasa ninyi wauguzi mliotutangulia na ninyi mlioolewa kwetu, nishike njia ipi?

Najua gazeti hili linatufikia huku baada ya wiki mbili, na daktari anapita kesho saa mbili asubuhi. Niandikieni hivyohivyo. Mzee akiwa hai, nitataka kujua kama nilitenda sawa. Akiwa hayupo, nitataka mtu mmoja anitamkie kosa langu waziwazi, kwa sababu yeye alikataa kulitaja.