Fundi Unywele na Ukuta wa Mkwewe

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Unywele, na yeye mwenyewe alilipenda hilo kuliko la kuzaliwa. Alikuwa seremala, na akiunganisha mbao mbili, unywele haupiti katikati. Ukimsifia mlango, atakuomba ung'oe unywele wako mmoja ujaribu kuupenyeza. Wenye vipara aliwaazima wa kwake. Watu waliyavumilia maringo hayo, maana kazi ilikuwa kazi kweli.

Mama mkwe wake alikuwa na nyumba iliyovikwa mbao nje, mbao alizozipigilia marehemu mumewe enzi za ujana wao. Jua lilikuwa limezipinda, mvua ikaziozesha, mchwa wakamalizia. Watoto wakakubaliana zing'olewe, ziwekwe bodi za saruji, zile ndefu nyembamba zilizochanganywa na nyuzi, ambazo mchwa hawazili wala jua halizipindi. Nani afanye kazi? Mama alikasirika hata kuulizwa.

"Nina mkwe fundi, halafu nikaite mtu baki?"

Rangi alipewa binti yake wa mwisho, shemeji yake Unywele, mwanamke aliyekwishapaka nusu ya maduka ya mtaa. Bodi hizo kwake hazikuwa ngeni. Siku ya kwanza alimfuata fundi penye msumeno.

"Shemeji, hizi si mbao. Ukizikata, ncha zipakwe rangi kabla hujapigilia, la sivyo zinanyonya maji. Na usizibananishe. Acha upenyo wa msumari kati ya bodi na bodi, halafu tutaziba na silikoni."

Unywele alicheka hadi akaweka nyundo chini. "Mimi niache upenyo? Watu wataniitaje?"

"Watakuita fundi."

"Shemeji, wewe shika brashi yako. Rangi inaanza ukuta ukiisha."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya asiyesikia la shemeji yake mdogo, na hapo ndipo fundi wetu alipojifichia. Alizibana bodi zile kama anatengeneza kabati la bibi harusi. Shemeji akapaka rangi, nyumba ikang'aa, na mama akawaita majirani waje kujaribu nywele zao.

Ikaja mvua, likaja joto, ikarudi mvua. Ncha za bodi zikanywa maji, zikavimba, zikasukumana. Rangi juu yake ikafura malengelenge, kisha ikaanza kubanduka kila penye maungio. Jioni moja mama amekaa barazani na wageni, akauliza kwa upole tu:

"Mkwe wangu, nini hiki?"

Unywele alikijua. Alikuwa amekijua tangu lengelenge la kwanza, na kila alipopita hapo alitazama upande wa pili. Lakini wageni walikuwa wakimwangalia, na mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Ni rangi, mama," alisema. "Bodi ni nzima. Rangi ndiyo haikushika."

Alidhani ni kauongo kadogo, katapita na chai. Uongo wa barazani haupiti na chai. Kesho yake mtaa wote ulijua kwamba binti wa mwisho alimpakia mama yake mzazi rangi mbovu. Jirani aliyekuwa amemwahidi kazi ya nyumba yake akatafuta fundi rangi mwingine. Mama akamwita binti, akamsema mbele ya ukuta ule ule. Binti aligusa maungio kwa kidole, akamtazama shemeji yake, naye Unywele akatazama viatu vyake. Angeweza kumuumbua pale pale. Ila kumvua nguo shemeji mbele ya mkwewe ni kumvua na dada yake aliyeolewa naye, kwa hiyo akasema, "Sawa, mama," akaenda zake.

Tangu siku hiyo Unywele hakuwa na raha. Aliona aibu kula, maana anayempakulia ni dada wa yule aliyemsingizia. Akimwona shemeji kwa mbali na ndoo yake ya rangi, alikata kona hata isiyo na njia. Fundi rangi mpya alipoletwa na kusema bodi zifunguliwe kwanza, Unywele aliruka kujitolea. Usidhani ni wema. Alitaka azing'oe mwenyewe, asubuhi na mapema, kabla mwingine hajaziona ncha zake.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ncha zilitoka zimevimba, zinamomonyoka kama biskuti iliyozamishwa kwenye chai, naye akawa anazifukia chini ya turubai. Ukuta wa magharibi peke yake ndio uliobaki mzima, japo ndio unaopigwa na jua na mvua kuliko zote. Siku zote alijiambia kwamba huo alikuwa ameupigilia kwa utulivu zaidi. Kwenye kona ilimbidi afungue bodi chache za upande huo.

Zilitoka kavu, ngumu, na kila ncha imepakwa rangi.

Aliigeuza moja, akaigeuza nyingine. Alikumbuka kwamba bodi hizo alizikata jioni, akaziacha zimepangwa apigilie kesho yake. Shemeji alikuwa amerudi yeye keshaondoka, akazipaka moja moja, asiseme neno. Baada ya kuchekwa, bado alikuwa amejaribu kumfichia aibu yake.

Mama alikuja na kikombe cha maji ya kunywa. "Rangi hii ya kwenye ncha, nani kapaka? Bila shaka ni wewe, mkwe wangu. Yule shemeji yako angejulia wapi?"

Neno "mimi" lilikuwa limeshafika ulimini. Akaitazama tena ncha ile.

"Ni yeye, mama."

"Yeye nani?"

"Binti yako. Aliniambia nizipake zote, nikamcheka. Rangi yake haikuwa na kosa. Kosa ni langu, nami nikamsingizia."

Mama hakumgombeza. Alikitazama kikombe alichomletea, akageuka nacho. Mlangoni akasimama.

"Uliyasema barazani. Kesho watu watakuwepo barazani."

Na walikuwepo. Unywele aliyarudia yote amesimama, jasho likimtiririka, na hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Shemeji alisikiliza ameshika brashi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Nisamehe, shemeji."

"Kata bodi, nipake ncha."

Alikata, akapaka, zikakauka. Bodi ya kwanza ikaenda ukutani. Ya pili, mkono wa Unywele wenyewe uliisukuma ibane, kwa mazoea ya miaka yote ile. Shemeji akachomeka msumari katikati. Mama alisogea na kiti chake mpaka karibu.

"Hapo, unywele unapita?"

"Unapita, mama."

"Na msumari?"

Alijibu mbele ya mtaa mzima. "Na msumari unapita."

"Basi pigilia."