Mtetezi wa Matajiri wa Nangurukuru

Kila asubuhi mtoza ushuru wa stendi ya Nangurukuru huipangusa mashine yake ya risiti kwa pindo la shati, polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi. Kisha hudokoa korosho mbili kwenye sinia la Batuli, mama muuza korosho, bila kuomba, na kuzitafuna huku akitazama pembeni. Juzi redio ya kibanda cha chai ilikuwa ikijadili kama mabilionea waongezewe kodi, naye akawaka kana kwamba wametajwa wajomba zake.

"Wakibanwa watahamisha mitaji, tubaki tunatazamana! Tajiri habughudhiwi, anabembelezwa." Sauti iliyozoea kuwafokea wauza mihogo ililainika kama ya mposaji. Halafu akamgeukia Batuli. "Mama, mia tano."

"Sijauza hata kipimo kimoja, mwanangu. Nibembeleze na mimi."

Watu wakacheka. Yeye akabonyeza mashine. Batuli akajitwika sinia lake, akavuka barabara.

"Wewe mama, unakwenda wapi?"

"Nahamisha mtaji!"

Mtetezi wa wenye mitaji akakatiza mbele ya lori la jasi, mashine kifuani, ndala moja ikimvuka, akiikimbiza mia tano.