Gari Linaona Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Mkuu wa Karakana, kule Makambako, alinisimamisha mbele ya lori lililokuwa limeingia muda huohuo kutoka Mbeya, akaniamuru niguse kila kisichozunguka: rejeta, mabomba ya mpira, tangi la dizeli, hata kifuniko cha gia boksi. Niliungua vidole mara mbili. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, najiona fundi kamili, na nilidhani mzee ananifanyia utani wa wageni.

"Umejifunza nini, Mgaya?"

"Injini ina moto, Mkuu."

"Hilo hata mbuzi anajua. Moto uko wapi, baridi iko wapi? Mkono kwanza, spana baadaye, bwana mdogo."

Nilimchukia kwa wiki nzima, kisha nikampenda kwa maisha yangu yote. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kumficha kijana kitu alichokijua.

Kampuni yetu ilisafirisha mbao, mbolea na viazi. Magari mengi yalishuka pwani, na wakati wa kurudi yakaukwea mlima Kitonga na mzigo mgongoni. Huko ndiko injini zilikochemsha, maji yakarukia nje ya rejeta, silinda hedi zikapinda. Mkuu hakuogopa kitu duniani kama gari kuchemsha. Kwa hiyo kila lori jipya lililoingia kwake, jambo la kwanza alifungua injini na kutoa themostati.

Vijana wa siku hizi wengine hawajawahi kukiona kifaa hicho, maana wenzao wamekwisha kukitupa. Ni kizibo cha chuma kinachoenea kiganjani, kinachokaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Maji yakiwa bado ya baridi, kinafunga njia ili injini ipate joto lake upesi. Yakishapata moto unaotakiwa, kinafungua, maji yakapoe. Mkuu alikiona kizuizi tu. "Hiki ni kidude cha nchi za barafu," alikuwa akisema. "Sisi Mungu katupa jua." Wala hakuwa peke yake. Mafundi wengi walifanya hivyo, na wapo wanaofanya hadi leo.

Baadaye nilihamishiwa Njombe kusimamia karakana ndogo ya tawi. Magari yetu ya huku yalienda Makete kuchukua viazi, na aliyekuwa na njia ya Matamba na Tandala alikuwa dereva mmoja wa kabila la Wakinga, Mzee Tweve. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao, upande wa Tandala, alikuwa mzee wa kanisa, na pombe ya ulanzi aliiacha zamani, jambo ambalo kwa dereva wa lori lilitushangaza sote.

Kipupwe kilipoingia, Tweve akaanza kufunga kipande cha boksi mbele ya rejeta. Mwezi wa sita huku kwetu si mchezo, asubuhi majani yameganda na kuwa meupe. Nilimuuliza lile boksi ni la nini.

"Gari linaona baridi, fundi."

Karakana nzima tulicheka. Mmoja akamwambia alishonee sweta. Yeye akakaza kamba yake, akaondoka.

Aliyekuwa hacheki ni Meneja wa Usafirishaji. Yeye aliangalia dizeli, na lori la Tweve lilikunywa kuliko yote, ingawa njia yake ilikuwa fupi ukilinganisha na wenzake wa pwani. Kwanza akapiga marufuku lile boksi, akisema litachemsha injini. Tweve akalitoa, na ulaji wa mafuta ukapanda zaidi. Kwa Meneja huo ulikuwa ushahidi: mtu anayenyonya dizeli na kuuza njiani, tena kwa kiburi. Akamsimamisha kazi. Dereva mwingine akapewa lori lile, naye mafuta yakaliwa vilevile.

"Wamefundishana," Meneja akasema.

Mtu akishaitwa mwizi, kila kitu kinashuhudia.

Habari zilifika Tandala kabla ya Tweve mwenyewe. Kanisani kwake waliona busara akae pembeni kwanza, asishike sadaka. Siku alipokuja kuchukua nguo zake za kazi aliniamkia, "Kamwene, fundi," kama kawaida, kisha akaniambia jambo ambalo liliniuma sana: "Kazi nitapata nyingine. Lakini wanangu wanaitwa watoto wa dizeli."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilienda kwenye lori lile kabla halijawashwa, nikafanya nilichofundishwa siku ya kwanza. Niliwasha, nikashika bomba la juu la rejeta. Injini yenye themostati nzima, bomba hilo hubaki baridi kwa muda, kisha ghafla linapata moto, kizibo kinapofunguka. Hili lilianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo. Maana yake maji yalikuwa yanazunguka kwenda kupoa hata kabla ya kupata joto. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini. Nikafunua kifuniko cha oili, kwa ndani kimejaa utando mweupe kama uji, maji yaliyoshindwa kukauka. Moshi ulikuwa mweupe na unanuka dizeli mbichi. Injini ya namna hiyo haichomi mafuta vizuri, inayameza tu, na kwenye miteremko ya Makete, kwa baridi ile, ndiyo kabisa inazizima. Magari ya pwani yalikuwa na pengo lilelile, ila jua liliyasitiri.

Nilifungua pale themostati inapokaa. Nyumba tupu. Na niliujua mkono uliomhamisha mwenye nyumba.

Kumpigia simu Mkuu kulikuwa kazi ngumu kuliko kushusha injini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

"Sijasema hivyo, Mkuu."

"Nimetoa vile vidude tangu hujaota ndevu. Kuna gari langu limeungua?"

"Halijaungua hata moja. Hili limeganda."

Akakata simu. Kesho yake alikuja Njombe mwenyewe, amenuna, ameshika themostati mpya mkononi. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama lishe wetu, akaazima sufuria, akakitumbukiza kidude katika maji yaliyobandikwa jikoni. Tulisimama tukikiangalia, Meneja naye kaitwa. Maji yalipokaribia kuchemka, kikafunguka taratibu. Alipokiopoa na kukiweka kwenye maji ya baridi, kikafunga.

"Kifunge kwenye gari," akaniambia.

Nilipowasha, Mkuu aliweka kiganja chake juu ya lile bomba. Baridi. Tukangoja. Bado baridi. Mshale wa joto ukaanza kupanda, naye hakuutoa mkono, mpaka ghafla akauvuta na kuupuliza. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Yule dereva anakaa wapi?" akauliza.

Meneja alitaka kwanza kuona safari, na ilikuwa haki yake. Lori lilikwenda Matamba na kurudi, mtu aliyetumwa na Meneja kaketi pembeni ya dereva, na dizeli iliyobaki tangini ikamfunga Meneja mdomo. Tweve akarudishiwa kazi kwa maneno mafupi ya ofisini. Kwa Meneja hapo yalikuwa yamekwisha. Mkuu akakataa. "Tumemchafua kwao, tukamsafishie kwao."

Jumapili tulifika kanisani kwa Tweve. Wakati wa matangazo Mkuu aliomba nafasi, akasimama mbele na kidude kile.

"Mmeambiwa mwenzenu kaiba mafuta," alisema. "Hakuiba. Injini ilikosa hiki, ikayala mafuta kwa baridi. Na aliyekitoa ni mimi, kwa kujiona najua. Naombeni radhi, kwake na kwenu."

Tweve alikuwa benchi la nyuma kabisa. Mwinjilisti akamwita arudi kwenye kiti chake cha wazee. Alipopita mbele alisimama kwa Mkuu, akakichukua kile kidude, akakigeuzageuza.

"Ndicho hiki tu?" akauliza. "Kidogo hivi?"

Nilimwona Mkuu akilia, naye hakujificha.

Leo nimestaafu, nina parachichi zangu nyuma ya nyumba hapa Njombe, na magoti yanalalamika. Vijana wana mashine za kusoma injini, na nawaonea wivu kidogo. Mashine ni nzuri. Lakini dereva analala na gari, anakula na gari, na maneno yake yakikosa ufundi si kwamba yamekosa ukweli. Jibu lilikuwa limefungwa kwa kamba mbele ya rejeta, tukaliona sweta.

Tweve naye amestaafu, ana kipikapu chake cha kubebea viazi. Kipupwe kilichopita alisimama getini kwangu.

"Kamwene, fundi. Gari linaona baridi."

Sikucheka. Niliinuka, nikaenda kushika bomba.